Kiti Kiwekwe Wapi?

Katika malezi yetu, kijana akimwona mzee amesimama hukimbia kumtafutia kiti. Ni desturi njema, nami niliifundisha shuleni kwa karibu miaka arobaini. Hata hivyo, tangu nyonga yangu ya kulia ianze kugoma, nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo halikunijia nilipokuwa na miguu miwili mizima: kiti hicho kiwekwe wapi? Kikiwekwa uani chini ya mparachichi wakati wengine wanajiandaa kusafiri, mzee ameambiwa abaki. Kikipakiwa garini pamoja na vikapu vya chakula, mzee ameambiwa twende. Kiti ni kilekile, na maneno ya heshima ni yaleyale, lakini siku ya mzee wa kwanza haifanani hata kidogo na siku ya mzee wa pili.

Nina umri wa miaka sabini na minne. Daktari amenieleza kwamba gegedu la nyonga limelika, mfupa unasagana na mfupa. Natembea kwa mkongojo hatua thelathini au arobaini, kisha sharti nipumzike. Ngazi naziogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mkaguzi wa shule. Pamoja na hayo akili yangu iko sawa, macho yangu yanaona mbali, na hamu yangu ya kujua yaliyoko upande wa pili wa kilima haijapungua. Watu husahau jambo hilo. Huona mkongojo, wakadhani kwamba na hamu nayo imechechemea.

Nyumba yetu iko mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Kila asubuhi kusipokuwa na mawingu nauona mlima huo nikiwa bado na mswaki mdomoni. Una urefu wa mita 4,566, wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Mashariki yake ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo mtu akitoka mjini asubuhi huifikia kabla chai haijapoa katika chupa. Ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru uliunganishwa nayo, ndipo ikapewa jina la Arusha.

Desemba iliyopita watoto na wajukuu walikuja kwa sikukuu, wakapanga kwenda huko kwa siku moja. Mipango ilifanyika mezani, mbele yangu. Nani atakaa wapi garini, nani atabeba maji, nani atapika maandazi. Nilipofikiwa mimi, binti yangu mkubwa aliniinamia kwa upole akasema, “Baba, wewe utapumzika. Tutakuletea picha.” Wote wakatikisa kichwa kukubali. Neno hilo “utapumzika” ni tamu sana masikioni. Halina ukali, halina dharau, na huwezi kumgombeza anayelitamka. Ndiyo maana linaweza kumfungia mzee ndani ya nyumba kwa miaka kumi bila mtu yeyote kusikia mlango ukifungwa.

Aliyelivunja ni mjukuu wangu wa miaka tisa. Aliuliza, “Kwani babu ameulizwa?” Kimya kikapita. Mke wangu, ambaye amenijua kwa zaidi ya miaka arobaini na mitano, hakusema kitu. Aliondoka akaenda chumbani, akarudi na sweta langu zito, akalitundika juu ya mkongojo. Hapo mjadala ukaisha.

Sikutaka kuwa mgeni wa kutegemea bahati. Mwalimu husomesha vizuri akiwa ameandaa somo, na mzee husafiri vizuri akiwa ameandaa safari. Nilitaka kujua mambo matatu: gari lina urefu gani kutoka ardhini, vyoo viko wapi, na tutakaa muda gani kila kituo. Kampuni ya kwanza ya magari ya watalii tuliyoipigia simu ilijibu kwamba ingekuwa vyema mzee abaki, kwa usalama wake. Ya pili ilitupa dereva azungumze nami mwenyewe. Alinisalimu, nikaitikia, kisha akauliza, “Mwalimu, mguu wenye nguvu ni upi?” Ndugu msomaji, katika miaka mitatu ya kuumwa nyonga nilikuwa nimepewa pole zisizo na idadi, lakini swali hilo nilikuwa sijaulizwa na mtu ambaye si mganga. Anayekupa pole anautazama mguu mbovu. Anayeuliza mguu wenye nguvu anatafuta mahali pa kuanzia.

Asubuhi ya safari alikuja na Land Cruiser ndefu kwa kimo, na nyuma amepakia kreti tupu la soda. Alilipindua chini ya mlango likawa ngazi. Kuhusu kupanda na kushuka ipo kanuni fupi niliyofundishwa hospitalini, nami naiandika hapa kwa faida ya wenzangu: wakati wa kupanda tanguliza mguu mzima, wakati wa kushuka tanguliza mguu mbovu, na mkongojo ushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si ule ulio upande wa maumivu. Wengi hufanya kinyume wakidhani mkongojo ni wa kuegemea upande unaouma. Nilipanda juu ya kreti, nikashika mpini wa mlango, nikaingia. Dereva alikuwa amesimama karibu, mkono ameuweka tayari chini ya kiwiko changu bila kunigusa. Namna hiyo ya kusaidia ina adabu ndani yake.

Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa miaka ya themanini. Mguu wake ulikuwa umepooza kwa polio. Tulipowapeleka watoto hifadhini kwa lori, wenzake walitaka kumbeba mgongoni, naye akakataa. Alitaka mtu mmoja tu asimame nyuma yake, basi. Alipanda mwenyewe, polepole, darasa zima likingoja. Wakati ule nilimsifu kwa ujasiri. Leo, nikiwa nami juu ya kreti, nimetambua kwamba alikuwa akidai jambo dogo sana: awe miongoni mwa wasafiri, asiwe miongoni mwa mizigo.

Tulipita Tengeru, tukafika Usa River, tukaiacha barabara kuu ya Moshi na kushika ya kushoto kuelekea lango la Ngongongare. Ukishaingia, punde tu msitu unafunguka na kuna uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo. Hapo hakuna anayehitaji miguu. Pundamilia, nyati na ngiri walikuwa wakila majani, na twiga wawili walisimama kama walinzi wa zamu. Simba hawapo katika hifadhi hii. Chui na fisi wapo. Watoto walisimama chini ya paa lililoinuliwa, nami nilikaa dirishani. Tuliona wanyama walewale.

Katika msitu wa kuelekea Ngurdoto tuliwakuta mbega, wale weusi wenye joho jeupe na mkia kama usinga. Mjukuu alitaka kujua wanashikaje matawi. Nikamwambia aitazame vizuri mikono yao: mbega hana dole gumba la maana, lina kibonge kidogo tu. Jina walilopewa na wataalamu, “colobus”, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Yule mtoto aliwatazama wakirushwa na matawi kutoka mti hadi mti, mama mmoja akiwa na kitoto cheupe kifuani, akasema, “Lakini babu, hawaonekani kama wamekatwa kitu.” Sikuongeza neno. Somo likishafundishwa na mbega, mwalimu mstaafu na akae kimya.

Kutoka pale gari linaposimama hadi ukingoni mwa kreta kuna mwendo mfupi kwa mwenye afya. Kwangu ulikuwa safari. Njia ya msituni ni njia ya msituni, ina mizizi na mawe, na hakuna wa kulaumiwa. Mwanangu wa mwisho, kijana mwenye mabega mapana, alichuchumaa mbele yangu akasema, “Baba, panda mgongoni.” Alisema kwa upendo wa kweli. Nikamshukuru, nikamwomba badala yake akitangulize kiti chetu cha kukunja hatua ishirini mbele. Nikatembea hatua ishirini, nikakaa. Wakakitanguliza tena, nikatembea, nikakaa. Mara ya tatu wajukuu walishaugeuza mchezo, wakawa wanagombea nani akibebe. Kwa hatua ishirini ishirini namna hiyo nikafika.

Kreta ya Ngurdoto ina upana wa kama kilomita tatu, na kuta zake zinashuka mamia ya mita hadi kwenye kinamasi na majani mabichi. Nyati walionekana huko chini kama punje za ulezi zilizomwagika juu ya mkeka. Nilikaa nikatazama kwa muda mrefu. Ndipo jambo likanijia ambalo nilikuwa nimelifundisha mara nyingi bila kulipima uzito wake: mgeni haruhusiwi kushuka chini ya kreta ile. Wanyama wameachiwa sakafu yao. Mwanariadha akija, ataishia ukingoni. Tajiri akija na gari la thamani, ataishia ukingoni. Mtoto wa miaka tisa na babu mwenye nyonga iliyolika wote huishia palepale, wakatazama kilekile. Mahali pale sheria imetupanga mstari mmoja sisi sote, na hakuna anayeona aibu kwa kutofika mbele zaidi. Nilijisikia mwepesi. Nilijua kwamba kila binadamu ana ukingo wake ambapo miguu huishia na macho kuendelea. Wangu umesogea karibu tu.

Baada ya hapo tulikwenda kwenye maziwa ya Momella. Maziwa hayo hupokea maji yake zaidi kutoka chini ya ardhi, na kila moja lina kiasi chake cha magadi, ndiyo maana rangi zake hutofautiana kama vitambaa vya duka moja. Vijana walitaka kwenda kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya maji, wakiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kama utaratibu unavyodai, kwa sababu ya nyati. Hili halikuwa langu, wala sikusononeka. Mzee anayetaka kwenda kila mahali amekataa kuzeeka, na mzee anayekubali kutokwenda popote ameharakisha kufa. Kati ya hao wawili pana nafasi kubwa. Nilibaki garini kando ya ziwa, pamoja na dereva na mke wangu, madirisha wazi.

Tulikaa kama saa moja na nusu. Heroe, ndege wale wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, walikuwa kandokando ya maji, vichwa chini, wakichuja chakula chao. Upande wa kushoto twiga mmoja alikuwa amelala, miguu ameikunja chini yake. Sikuwahi kumwona twiga akiinuka. Aliirusha shingo nyuma, akajiinua kwanza kwa viungo vya miguu ya mbele, akatulia hapo kama anayefikiri, akarusha shingo tena, miguu ya nyuma ikanyooka, mwishoni ya mbele. Alifanya kwa vituo, bila haraka, wala wenzake hawakumcheka. Mke wangu akanitazama akasema, “Huyo ni wewe kila asubuhi.” Tulicheka sote watatu. Vijana waliporudi wamelowa jasho wakasimulia maporomoko, nami nikawasimulia twiga. Wao hawakumwona. Kwa mara ya kwanza siku ile waliniuliza maswali, wala si kama nimechoka.

Mwanangu anayeishi Marekani alipiga simu jioni ile. Aliniambia kuhusu bustani kubwa ya burudani huko Florida iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, wakauita Harambe, wenye kuta zilizochakazwa makusudi na vibao vya Kiswahili, na wageni hupelekwa kwa gari kutazama twiga na viboko katika safari iliyopewa jina la Kilimanjaro. Eneo lote ni kama hekta 235. Hifadhi yetu ina kilomita za mraba 552, yaani zaidi ya mara mia mbili. Nilitaka kucheka, lakini akaendelea: mzee huko hukodi kiti cha magurudumu au kigari cha umeme langoni, na yako magari ya safari ambayo kiti huingizwa kwa mteremko bila mtu kunyanyuliwa. Kicheko changu kikapungua. Wao waliotengeneza Afrika ya kuigiza wamemfikiria mwenye miguu mibovu wakati wa kuchora ramani. Sisi wenye Afrika yenyewe tuna kila kitu ambacho hakiwezi kuigizwa. Kinachotupungukia mara nyingi ni mteremko, mpini wa ukutani na benchi.

Siandiki haya kuilaumu hifadhi. Mlima hauwezi kusogezwa, wala sitaki msitu ukatwe ili nipite. Mahali tulipokula chakula njiani wakati wa kurudi, si hifadhini, choo kilikuwa juu ya ngazi nne zisizo na mahali pa kushika. Waliojenga walikuwa na saruji ya kutosha. Hawakuwa na mzee akilini. Ngazi nne zilinishinda kuliko ukingo wa Ngurdoto, kwa sababu ukingoni nilikuwa na kiti changu na hapa nilikuwa na ukuta laini.

Nchi yetu si kwamba haijalitamka jambo hili. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja waziwazi burudani, utalii na michezo. Na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo kutazama heroe si anasa inayoombwa kwa unyenyekevu. Ni sehemu ya kuishi. Lakini sheria haiji nyumbani kukaa mezani familia inapopanga safari. Pale mezani sheria ni swali moja tu: “Kwani babu ameulizwa?”

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wenye watoto wema: semeni mapema. Taja idadi ya hatua unazoweza. Chagua mwenyewe utakapobaki, kabla hujachaguliwa. Nanyi watoto wema, msimpe mzazi wenu jibu kabla ya swali. Huenda akasema, “Leo nitabaki,” na kubaki huko kutakuwa kwake.

Neno moja la mwisho linamhusu dereva. Tulipokuwa ziwani aliniambia kwamba amezaliwa palepale chini ya Meru, na kwa miaka kumi na mmoja amewapeleka wageni kutoka kila bara ndani ya hifadhi ile. Mama yake ana umri wa miaka themanini na hajawahi kuingia. Magoti yake ni mabovu, na daima wamemwambia apumzike. Sikumshauri lolote; niliendelea kumtazama twiga. Mwezi Februari alinipigia simu. Alikuwa amempeleka. Mama huyo hakutaka kushuka garini hata mara moja, akakaa siku nzima kiti cha mbele, akiwataja wanyama kwa majina ya Kimeru ambayo mwanawe hakuwahi kuyasikia. “Mwalimu,” aliniambia, “nimewaongoza watu miaka yote hii, nami sikujua majina nusu.” Kisha akaniomba radhi kwamba hatarudisha lile kreti dukani, kwa maana sasa linakaa garini daima.